Uajiri mtu wa IT au ukodi kampuni? Mimi nimepita kote huko

Kuna kaka mmoja yuko Mbeya, ana duka la jumla la pembejeo, kanitumia meseji ndefu wiki iliyopita. Anasema ana wafanyakazi ishirini na kitu, matawi mawili, mfumo wa mauzo umeanza kumtoa jasho, na fundi anayemwitaga mambo yakiharibika siku za sikukuu hapokei simu. Sasa mtoto wa shemeji yake kamaliza chuo, kasomea IT, na ukoo mzima unamsukuma amwajiri. Upande wa pili kuna kampuni ya Dar imemletea kotesheni ya kurasa nyingi zenye rangi rangi. "Dada, wewe umepita huko, niambie ukweli, nichukue yupi?"

Nilimjibu mistari miwili halafu nikaona nimemdhulumu, maana hili jambo kwangu si la mistari miwili, kuna vitu mpaka leo nikivikumbuka usiku nakasirika upya. Ngoja niseme yote hapa, na nyie wengine mnaotaka kufungua tawi la pili na la tatu msome, najua mko wengi.

Kwa wasionijua, mimi nauza vipuri vya magari. Duka mama liko Gerezani, Kariakoo, na nina matawi Dodoma na Mwanza. Watu wakisikia vipuri wanadhani ni biashara ya makelele na mikono ya oili, hawajui kwamba ni biashara ya namba. Fundi anakuja anasema nipe filta ya oili ya Toyota, hapo bado hajasema kitu. 90915-YZZE1 ni moja, badilisha ile herufi na tarakimu ya mwisho tu umempa ya gari lingine, kesho anarudi kaunta na mteja wake nyuma yake wote wamevimba. Bushi za IST, shokapu za Noah, mapadi ya Harrier, kila kitu kina namba, na kila namba iko kwenye mfumo, ipo rafu ya ngapi, imebaki mangapi, tawi gani wanayo. Mfumo ukilala na mimi nimelala. Vijana wangu wa kaunta ni hodari ila hakuna binadamu anayeshika namba elfu kadhaa kichwani.

Miaka ya daftari na Excel naiacha, na miaka ya fundi wa kuitwa naiacha pia, mnaijua wote, anakuja anaweka Windows upya anachukua hela yake anaondoka.

Nianze na kijana wangu wa kwanza wa kuajiriwa. Jamani yule kijana alikuwa na akili. Alinifungia mtandao wa duka zima, akaunganisha mfumo na mashine ya EFD ili risiti ya TRA itoke hapo hapo mtu anapouza, akaweka kamera, akafanya Mwanza waone stoo ya Dar bila kupiga simu. Nilimpenda kama mdogo wangu. Akawa ndo kila kitu, mpaka TV ya nyumbani ikigoma namwita yeye, watoto wangu simu zao kwake, na yeye hakulalamika. Shida moja tu, vyote alivyojenga vilikuwa kichwani kwake. Ukimuuliza hii ruta ya juu inafanya nini anacheka, "bosi we niachie mimi."

Benki moja ikamwona, na benki ikimwona mtu unajua mwisho wake. Aliniletea barua asubuhi nikiwa nafungua duka. Sheria ya kazi, ile ya mwaka 2004, inasema anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28, na yeye alikuwa na likizo ambayo hajaichukua, na likizo ya mwaka nayo ni siku 28. Siku chache mno za kukaa naye anifundishe kila kitu. Tukaelewana abaki kidogo, nikamlipa likizo yake, akaniandikia karatasi mbili. Mbili! Mtandao wa matawi matatu. Simlaumu sana maana kijana lazima akue, lakini sitadanganya, niliumia, nilimlipia mpaka kozi.

Hapo ndipo kila mtu akaniambia dada achana na kuajiri, siku hizi dunia yote inakodi, chukua kampuni. Wakaja. Suti, kompyuta mpakato za kung'aa, chati zimejaa mishale. Wakasema ukiwa na tatizo unafungua tiketi, yaani unatuma taarifa kwenye mfumo wao, na sisi tunajibu ndani ya masaa manne. Nikasema hewala.

Sasa sikiliza hili neno kujibu. Kujibu si kutengeneza. Duka limesimama, mafundi wamejaa kaunta, unafungua tiketi yako, baada ya dakika kumi inakuja imeili, "tumepokea taarifa yako na tunaishughulikia." Basi, wameshajibu. Mkataba wameutimiza. Wanaweza kuja kesho jioni na hawajavunja kitu. Kama kuna jambo moja la kushika katika makala hii yote ni hili, kwenye mkataba andika muda wa KUTENGENEZA, au angalau muda wa mtu kufika na miguu yake dukani, usikubali muda wa kujibu peke yake.

Na kila mara anakuja mtu mwingine. Leo huyu, wiki ijayo yule, kila mmoja naanza kumwelezea upya kwamba hii kompyuta ya pili inaongea na EFD, usiizime hovyo, yeye anaizima. Kijana wangu wa zamani alikuwa akisikia tu sauti ya printa anajua ni kaunta ipi karatasi imekwama. Hawa wanakuja na mafunzo mazuri ila duka hawalijui, na hawana sababu ya kulijua kwa sababu kwao mimi nilikuwa mteja mdogo. Wana mahoteli, wana mashirika, nani atamkimbilia mama wa vipuri.

Halafu ikaja ile Jumamosi.

Wale jamaa, ili wasipate tabu ya kupanda gari mpaka Kariakoo, walifungua njia ya kuingia kwenye seva yangu, ile kompyuta kuu inayobeba mfumo, kutoka nje, ile inaitwa RDP, wakaiacha wazi kwenye intaneti kwa paswedi nyepesi. Sikuambiwa. Nimekuja kujua baadaye kwamba hii ni moja ya njia wanazozipenda sana wezi wa mtandaoni, wana programu zinazozunguka dunia nzima usiku na mchana zinagonga gonga bandari namba 3389, yaani mlango wa hiyo RDP kwenye kompyuta, kuona nani kaacha wazi. Wakagonga kwangu. Asubuhi vijana wanafungua mfumo, mafaili yote yamebadilika majina, na kuna karatasi kwenye skrini ya Kiingereza cha vitisho, lipa kwa bitikoini. Bakapu, yaani nakala ya akiba, ilikuwepo, kwenye hard disk ya nje iliyochomekwa kwenye seva hiyo hiyo masaa yote. Na yenyewe ikaliwa. Kirusi hakijui hii ni bakapu, kinaona ni faili tu.

Nikawapigia. Unajua waliniambia nini? Bakapu haimo kwenye mkataba. Mkataba unasema watatoa "ushauri kuhusu bakapu". Ushauri! Nilikaa kwenye stuli ya kaunta nikalia mbele ya wateja, mimi, ambaye Gerezani nzima wananijua silii. Kuna fundi mmoja mzee wa Shaurimoyo akanipa kitambaa chake kinanuka grisi, nikafutia hivyo hivyo.

Kilichoniokoa mpaka leo nikisimulia napata nguvu. Tawi la Dodoma kuna binti alikuwa wa stoo. Kidato cha nne, hajasomea kompyuta popote. Huyu binti kwa kuwa umeme wa kule ulikuwa unamsumbua na aliwahi kupoteza kazi ya siku nzima, alijiwekea utaratibu wake, kila Jumatano na Ijumaa akifunga anakopi database ya mfumo kwenye disk ndogo anaichomoa anaenda nayo nyumbani kwenye mkoba. Hakuna aliyemtuma. Na database ya Dodoma ilikuwa inabeba stoo ya matawi yote. Jumamosi ile mchana ananipigia, "mama, mimi nina ya jana jioni, niitume?"

Alipanda basi na disk mkononi hakutaka hata kuiweka kwenye begi la chini. Tukapoteza mauzo ya saa chache tu, siku ile tuliuza kwa kuandika mkono namba za vipuri na risiti tukatoa kwa EFD ndogo ya mkononi tuliyokuwa nayo ya akiba. Hii nayo ikariri, hata uwe na mfumo wa risiti wa kisasa kiasi gani weka kamashine ka mkononi pembeni, maana TRA hawataki kusikia habari za kirusi, umeuza hujatoa risiti ni kosa.

Yule binti ndo mkuu wangu wa IT sa hivi. Ndiyo. Watu walicheka, hasa wale wenye vyeti. Nikamtoa stoo nikamleta Dar, nikamlipia masomo ya jioni ya mitandao ya kompyuta, akaanza na nyaya, akaja ruta za MikroTik, akaja Linux, sasa hivi anaandika ripoti za mfumo mwenyewe na wale wa benki wakimpigia simu kumtaka mimi najua kwa sababu ananiambia. Hiyo ni siri yangu ya kwanza ya kuajiri, na ndugu yangu wa Mbeya nisikilize vizuri, mtu wa ndani unamchagua kwa uchungu wa mali kabla ya cheti. Kompyuta inafundishika.

Ila msije mkanielewa vibaya mkadhani nasema ajiri tu fukuza makampuni. Hapana. Niliagana na ile kampuni, na kuagana kwenyewe ngoja niwaambie kwa sababu hapa ndo wengi mtaumia.

Nilipowaambia mkataba ukiisha sisaini tena, walikuwa wapole kabisa. Kisha nikaomba paswedi. Za seva, za ruta, za kamera, za imeili. Wakasema kuna invoisi moja haijalipwa. Invoisi yenyewe ni ya kuja kutengeneza uharibifu wa ile Jumamosi! Wanidai kwa moto waliouacha jikoni wenyewe. Tukabishana hapo wiki na wiki. Na domeni yangu ya .co.tz, lile jina la biashara yangu kwenye intaneti, ambayo imechapishwa kwenye risiti, kwenye kanga nilizowapa wateja, kwenye magari yangu, nikakuta imesajiliwa kwa jina la kampuni yao na imeili yao, mimi simo mahali popote. Kisheria nabishana na nani? Nililipa. Nililipa ile invoisi kwa hasira, nikachukua domeni yangu, nikaandikisha kwa jina la biashara yangu siku hiyo hiyo. Sitawataja jina, wana watoto wanasoma. Ila wanajijua.

Sa hivi nina mchanganyiko. Binti yuko ndani, na nje nina kampuni ndogo, vijana wachache tu, wanalipwa kila mwezi. Ndani ni vile vitu vinavyogusa duka langu kila siku na ambavyo hakuna duka lingine linavyo namna hiyo, mfumo wa mauzo, namba za vipuri, EFD, kufundisha wafanyakazi wapya, kujua nani ana ruhusa ya kubadili bei. Nje ni vitu ambavyo duka langu na duka la mtu mwingine ni sawasawa, imeili, fayawoli ya kuzuia wavamizi wa mtandaoni, waya, kamera, kuangalia usiku kama kuna kitu kinagonga. Vitu hivyo vinataka ujuzi mpana na vifaa, binti mmoja hawezi kujua vyote na pia analala, anaumwa, atazaa na likizo ya uzazi ni siku 84 na nitampa zote kwa moyo mkunjufu. Mimi mtu wa magari nalielewa hivi, dereva wako anajua gari lako linavyolia asubuhi na fundi wa gereji ana jeki na mashine ya kupimia, huwezi kumfukuza mmoja ukasema huyu mwingine anatosha, labda gari lako ni bajaji.

Na mwenye bajaji yupo, tuseme ukweli. Kama mko watano dukani na mfumo wenu ni ule wa kulipia kwa mwezi unaofunguka kwenye simu, unaajiri mtu wa IT akae afanye nini, acheze gemu? Tafuta fundi mwaminifu au kampuni ndogo, walipe kila mwezi hata kama hakuna kilichoharibika, maana ukimlipa siku ya kuharibika tu unamfundisha kupenda viharibike. Ila mtu mmoja kati ya hao watano ateuliwe ndo anajua mambo yalivyo.

Tuje kwenye hela maana najua mnasubiri. Watu wanalinganisha mshahara na kotesheni, wanaona mshahara milioni moja na laki mbili, kotesheni laki tisa, wanakimbilia kotesheni. Hesabu haiko hivyo. Mshahara wa 1,200,000 wewe mwajiri unaongeza NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 yako, hiyo 120,000. Unaongeza WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, asilimia 0.5, 6,000. Kama una wafanyakazi kumi na zaidi kuna SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo mwaka 2023 waliishusha kutoka asilimia 4 hadi 3.5, hiyo 42,000. Umefika 1,368,000 kabla hujamnunulia kiti. Upande wa kampuni, laki tisa ongeza VAT asilimia 18 inakuwa 1,062,000, kama umesajiliwa VAT utaidai, kama hujasajiliwa imekula kwako. Na katika malipo ya huduma unatakiwa ukate asilimia 5 ya kodi ya zuio upeleke TRA, hiyo ni hela yao siyo yako lakini usipoikata watakudai wewe. Wengi hawajui, mpaka siku ya ukaguzi.

Kwa hiyo tofauti si kubwa kama inavyoonekana, na bado kotesheni ya laki tisa ina vitu vimefichwa chini kwa herufi za mchwa. Kufika dukani nje ya saa za kazi bei yake. Kufika Dodoma bei yake. Bakapu, nimeshawaambia. Halafu kuna kuuziwa vifaa. Windows 10 ilipofikia mwisho wa kusapotiwa, 14 Oktoba 2025, kampuni kibao zilizunguka Kariakoo zinawaambia watu kompyuta zenu zimekufa nunueni mpya kwetu. Ni kweli Windows 11 inadai vitu, inataka TPM 2.0, kile kichipu cha usalama ndani ya kompyuta, na kwa upande wa Intel inataka prosesa kuanzia kizazi cha nane, na hizi Dell na HP za mtumba tulizojaza madukani nyingi hazifiki. Nyingi, siyo zote! Binti yangu alipita moja moja na daftari, akakuta kadhaa zinafika ni kuwasha tu TPM kwenye BIOS, ile mipangilio ya ndani kabla Windows haijafunguka, nyingine akaweka SSD na rami zikaenda, zilizogoma kabisa tukazihamishia kazi isiyohitaji intaneti na nyingine tukauza. Anayekuuzia mashine asiwe huyo huyo anayekupimia kama mashine yako imekufa. Nimesema.

Kuna kitu kingine kilinithibitishia umuhimu wa mtu wa ndani. Mwezi wa tano 2024, tarehe 12, Jumapili, nyaya za baharini zilikatika, EASSy na SEACOM, kule kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, mnakumbuka intaneti ilivyokuwa ya kuomba. Kabla ya hapo kuna mshauri alinisumbua sana nihamishie mfumo wote klaudi, yaani kwenye seva za watu wengine zinazofikiwa kwa intaneti, hakuna haja ya seva, hakuna haja ya mtu, unasapotiwa ukiwa umekaa. Binti alikataa. Alisema mama, sawa klaudi, ila kila tawi liwe na kopi yake linaweza kuuza hata neti ikifa, ikirudi zinaongea zenyewe. Nilimwona mbishi. Jumatatu ile jirani zangu wanazunguka na simu juu wanatafuta mtandao, kampuni zinazowasapoti kwa AnyDesk, ile programu ya kushika kompyuta yako kutoka mbali, nazo zimekatika vile vile, atakusapoti vipi wakati njia anayopita kuja kwako ndo hiyo iliyokufa? Sisi tuliuza. Mwanza waliuza, Dodoma waliuza. Nilimnunulia binti pilau ya Mtaa wa Lindi.

Na msidhani wakubwa wako salama. Julai 19 mwaka huo huo programu ya ulinzi ya CrowdStrike ilitoa apdeti mbovu, Microsoft wenyewe walisema kompyuta kama milioni 8.5 zilizimika duniani, ndege zikakaa chini, mahospitali, mabenki. Na dawa yake kwa mashine nyingi ilikuwa nini? Mtu aende mwenyewe kwenye kompyuta, aiwashe kwa njia ya dharura, afute faili moja, aende ya pili. Kwa mikono. Waliokuwa na mikono karibu ndo waliamka mapema, hata kama walikodi wataalamu wa bei gani.

Jambo la sheria nalisema haraka. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na ina tume yake. Kama unaandika majina na simu za wateja, na nani haandiki, wewe ndo mkusanyaji, na kampuni inayokushikia data ni mchakataji tu. Taarifa zikivuja usidhani utasema ni wale jamaa wa IT. Muulize mwanasheria wako aweke kipengele, usisaini mkataba wa kukodi usiotaja data ni ya nani.

Sasa kaka yangu wa Mbeya. Wewe uko ishirini na kitu, matawi mawili, na unauza mbolea ya ruzuku ambayo tangu ilivyoanza msimu wa 2022/23 mkulima anahudumiwa kwa namba yake kwenye mfumo wa serikali. Kwa hiyo una mifumo miwili, yako na ya kwao, na mvua za kwenu zikianza Novemba foleni inafika barabarani. Wewe unahitaji mtu wa ndani. Hilo sina wasiwasi nalo. Na unahitaji kampuni, ila ndogo na ya hapo hapo Mbeya, ya Dar waachie Dar yao, mtu wa Dar Novemba mfumo ukilala atakuja kwa basi akukute mteja kahamia jirani. Ukilazimika na wa Dar basi mkataba useme miezi ya msimu kuna mtu wao analala Mbeya.

Mtoto wa shemeji usimkatae, na usimwajiri. Mpe miezi mitatu ya majaribio kwa maandishi, na shemeji asome. Mwezi wa kwanza kazi yake ni kuandika, kila kifaa, kila akaunti, kila paswedi, nani aliweka, inalipiwa lini, domeni iko kwa jina la nani. Kopi moja akupe wewe uifungie pamoja na hati ya nyumba. Akisema hayo yote anayo kichwani, ushapata jibu lako na uchungu wa shemeji utapita. Mwezi wa pili ajenge bakapu, nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya duka na isichomekwe muda wote. Mwezi wa tatu mshtukize siku ya Jumapili, mwambie seva imeungua, niwashie mfumo kwenye kompyuta nyingine kwa bakapu yako mimi nikiwa nimekaa hapa nakunywa chai. Usiangalie vyeti, angalia saa ukutani. Binti yangu anafanya hili kila baada ya miezi mitatu na nikiwa na wageni nawaalika waje watazame.

Kampuni nayo ifanyie hivyo hivyo. Waambie kabla ya kusaini warudishe bakapu mbele yako. Wakikuletea tena zile kurasa za rangi, wape soda waende.

Wale mlioniomba mkataba wangu ninaoutumia na hawa vijana wa sasa nitauweka wiki ijayo, nikishafuta majina na bei. Kipengele cha tano, kile cha kukabidhi paswedi ndani ya siku saba bila kujali kuna deni au hakuna, nakukopeni bure, mwanasheria alinitoza hela nyingi kwa hicho kimoja.